Haki ya Mwenye Kitabu na Amana ya Mwenye Kupeleka

  

Enyi ndugu Waislamu wa Minago, na nyinyi mliotoka Rumonge, Magara na Nyanza-Lac kuja kushirikiana katika furaha hii ya jumuiya: maudhui ya leo ni jambo ambalo karibu kila aliyeketi hapa analo mfukoni mwake. Simu ya mkononi imekuwa ndiyo barua, ndiyo gazeti, ndiyo maktaba, na kwa vijana wengi imekuwa ndiyo chuo. Kubwa la kuulizwa ni hili: mtu anapobonyeza kitufe akapeleka kwa watu mia neno, au picha, au kitabu alichokitunga mwingine, amefanya nini mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mwenye mali yake?

Kisa kinachofuata ni cha mwanafunzi mmoja wa ufuko huu. Jina lake halitatajwa, wala la mwalimu wake, kwa kuwa aliyekwisha tubu hafai kutangazwa, na huyo mwalimu mwenyewe hapendi kusifiwa.

Mwanafunzi huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, akisoma skuli ya sekondari Rumonge, na kila ijumaa akirudi Minago kwa wazee wake na kuhudhuria darasa la maalim wake wa utotoni. Maalim ni mtu mzima, mwenye michikichi michache, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasomesha watoto na akina mama mas-ala ya nikahi, talaka na eda. Alipoona kuwa maswali ni yale yale kila mwaka, akayaandika majibu yake kwa Kiswahili katika daftari, akayapanga, akayasahihisha, kisha akaamua kuyatoa kitabu. Mawese ya misimu miwili yakauzwa kwa ajili hiyo. Fedha hazikutosha, akakopa kwa mfanyabiashara mmoja wa ndagala, akapeleka kazi yake kwa mpigaji chapa Bujumbura, zikatoka nakala mia tano, kila moja kurasa sabini na mbili. Bei ilikuwa faranga elfu tatu. Nia ya maalim ilikuwa kwanza kulipa deni, na kitakachobaki kiezekee banda la chuo, ambalo mvua ya masika ilikuwa imelifungua upande mmoja.

Mwezi wa kwanza ziliuzwa nakala mia na arubaini. Kwa mji kama Minago hilo si jambo dogo.

Hapo ndipo mwanafunzi yule alipoingia na kheri yake. Alikipenda kitabu, au tuseme alimpenda mwenye kitabu, akaona ni hasara elimu ile isimamie hapa ilhali simu yake inafika Uvira, na Kigoma, na Buyenzi, na Muscat walipo jamaa zake. Usiku mmoja akakiweka mezani, akakipiga picha kurasa mbili mbili, akazitia katika kundi la WhatsApp la vijana wa msikiti, akaandika juu yake kuwa anayetaka thawabu na apeleke kwa wengine. Hakupiga picha ya jalada, kwa kuwa aliona jalada halina elimu ndani yake. Kabla ya alfajiri picha zile zilikwisha vuka ziwa.

Nia yake ilikuwa njema, na hili lisemwe kwa insafu. Alikuwa amesikia darasani onyo kali la Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mwenye kuificha elimu aliyoulizwa. Akapima kuwa kufunga kitabu kwa bei ni namna ya kuificha. Wala si yeye peke yake mwenye fikra hiyo. Wako hata wanavyuoni waliosema kuwa elimu ya dini haimilikiwi, na kwamba mwenye kununua nakala amenunua ruhusa ya kuinakili. Kauli hiyo ina watu wake, na inafaa isikilizwe kabla ya kujibiwa.

Lakini siku arubaini baadaye, ikafika Minago sauti ya mtu asiyejulikana, imetumwa kutoka kundi hadi kundi, nayo ilikuwa sauti ya imamu wa mji mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Imamu alikuwa akiuliza kwa hasira: ni nani aliyeandika kuwa mwanamke aliyefiwa na mumewe eda yake ni miezi mitatu?

Yaliyotokea huko ni haya. Palikuwa na mjane, hana mimba, mumewe amefariki miezi mitatu na siku tano zilizopita. Mchumba amekuja, walii amekubali, wali umepikwa, watu wamekaa. Imamu, kabla ya kutamka khutuba ya nikahi, akauliza kama ilivyo desturi yake: marehemu alikufa lini? Akaambiwa. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akasema hapana ndoa hapa leo, umebaki mwezi mmoja na siku tano. Ndugu wa mchumba wakapandwa na ghadhabu, mmoja akatoa simu akamwonyesha: imeandikwa hapa, na kitabu hiki ni cha mwanachuoni. Imamu akasoma, akaona kweli imeandikwa. Akauliza kitabu ni cha nani. Hapana aliyejua.

Kila mwenye kusoma fiqhi kidogo anajua kuwa eda ya kufiwa, kwa asiyekuwa na mimba, ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Hilo limo ndani ya Qurani. Na ndoa ikifungwa ndani ya eda ni batili, na hata kumposa mjane kwa maneno ya wazi kabla eda haijaisha hakufai. Lau kama imamu yule angekuwa na haraka ya kwenda kula, watu wawili wasiokuwa na kosa wangaliishi pamoja kwa nikahi isiyosimama, na sababu yake ni picha ya simu. Wala watu wasidhani kuwa khabari iliishia pale kwa kula wali na kutawanyika. Yule mjane aliingia ndani akalia, kwa kuwa mtaani yalikwisha semwa mengine: kwamba aliona miezi ni mirefu, kwamba alijua na akanyamaza. Naye alikuwa amesoma alichoonyeshwa.

Mwanafunzi aliisikia sauti ile barazani, katikati ya wenziwe, simu ya mmoja ikisemesha. Kisha ikapitishwa picha yenyewe. Chini ya ukurasa, pale inapokaa namba, palikuwa na kidole gumba chenye kovu. Kilikuwa kidole chake.

Akaenda nyumbani, akakifungua kitabu. Ukurasa wa 41 unakwisha kwa maneno ya mjane asiyekuwa na mimba, kwamba eda yake ni, na hapo ukurasa umefika mwisho. Miezi minne na siku kumi imo mwanzo wa ukurasa wa 42. Ukurasa wa 43 unaeleza eda za waliotalikiwa, nao unamalizikia kwa mwanamke aliyekatikiwa na hedhi kwa uzee, kwamba eda yake ni, na miezi mitatu imo juu ya ukurasa wa 44. Usiku ule majani mawili yalishikana kwa unyevu wa ziwa. Yeye aliyapindua pamoja, akapiga picha ya 40 na 41, kisha 44 na 45, na kidole chake kikafunika namba. Maneno yakaungana kama kwamba yameandikwa hivyo. Maalim hakukosea hata herufi moja, na dhulma ikatoka katika kitabu chake.

Alipokwenda kwa maalim, alimkuta anarekebisha uzio. Akaanza kusema, "Maalim, nimekukosea," akaeleza yote tangu mwanzo. Maalim akamwacha amalize, kisha akamwuliza neno moja:

"Ulikisoma, mwanangu, kabla ya kukipeleka?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa amekisoma. Alikuwa amekipiga picha tu.

Ndipo akaonyeshwa sanduku. Tangu usiku ule wa picha zilikuwa zimeuzwa nakala sita. Walionunua hao sita ni wazee wasiokuwa na simu. Mfanyabiashara wa ndagala alikuwa amekuja mara mbili, kwa adabu, na mara ya tatu alikuja bila adabu.

Kijana huyu, na hili ni la kusifiwa, hakutosheka na kulia. Alichukua daftari akaanza kuandika mawazo yake, na baadhi ya hayo ndiyo yanayofuata, yamepangwa na kuongezwa yanayohusu.

Jambo la kwanza lililomshughulisha ni mali. Alijiuliza: kama angaliingia chumbani kwa maalim akatwaa nakala mia, watu wangalimwita mwizi. Amepeleka picha, nakala zote zimebaki ndani ya sanduku, hazikupungua. Je, ameiba nini? Jibu alilolipata ni kuwa amechukua kazi iliyomo katika karatasi, na karatasi zenyewe bila ya kazi ile hazina bei. Swali hili wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, yaani Jumadal-Ula 1409, lilitoa uamuzi kuwa haki ya utunzi, na ya uvumbuzi, na jina la biashara, ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika desturi ya watu wa leo, zinatambuliwa na sharia, na haifai kuzivamia. Kauli ya wale wengine haikufutika kwa uamuzi huo, lakini ni vigumu kwa mtu wa kawaida kuipita kauli ya baraza zima kwa sababu ya kutaka cha bure.

Serikali nazo zimeandika zao. Burundi ina sheria ya haki za waandishi ya mwaka 2005, na mwaka 2016 iliingia katika Mkataba wa Berne, ulioanza tangu 1886, ambao unataka mtunzi alindwe umri wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tanzania Bara ina sheria yake ya 1999, Zanzibar ya 2003, Kenya ya 2001, na Kongo ya 1986. Kwa hivyo hapana ufuko wa jirani ambao picha za kijana yule zilifika ikawa hauna sheria. Maalim hakwenda kwa hakimu wala hakuitaja sheria yoyote. Hayo yasiwadanganye watu: anayedhulumiwa akanyamaza haki yake haijaondoka.

Inafaa watu wajue hesabu yenyewe, kwa sababu wengi husema vitabu vyote vya zamani ni halali, au vyote ni haramu, na kauli zote mbili si sawa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alifariki 1947. Kwa hesabu ya miaka 50 maandishi yake yametoka katika ulinzi wa sheria tangu miaka ya tisini, na anayetaka kuyapiga chapa upya na ayapige, ila jina la Sheikh libaki juu yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy tafsiri yake ya Qurani ilitoka sehemu sehemu kwa miaka mingi, hata mwaka 1969 ikatolewa yote pamoja na Islamic Foundation ya Nairobi. Sheikh alifariki 1982. Kwa hesabu hiyo hiyo, mpaka mwisho wa mwaka 2032 kazi ile ina wenyewe, na anayeitia yote katika simu za watu ingefaa kwanza aulize kama wenyewe wametoa ruhusa. Kuuliza hakugharimu kitu. Na wako watunzi wengi ambao wakiulizwa hujibu peleka, Mungu akulipe.

Jambo la pili ni jina. Picha zile zilipofika Kigoma hazikuwa na jalada, na kitu kisicho na mwenyewe hupata mwenyewe upesi. Kijana alikuta nakala moja imeandikwa juu yake kuwa ni darasa la ustadhi fulani, ambaye maisha yake hajawahi kufika Minago. Pengine ustadhi mwenyewe hakujua. Pengine ni wanafunzi wake waliomzawadia. Wazee wa zamani hawakuchukulia wizi wa namna hii kuwa ni mchezo. Imamu Suyuti, aliyefariki Misri mwaka 911 Hijria, sawa na 1505, aliandika risala makhsusi kumlaumu mtu aliyechukua kazi yake bila ya kumtaja. Na husimuliwa kuwa Imamu Qastallani, mwenye sharhi mashuhuri ya Bukhari, aliposhutumiwa na Suyuti kuwa amenakili kutoka vitabu vyake bila kusema, alitembea kwa miguu kutoka Kairo mpaka Rawdha kwenda kumtaka radhi mlangoni kwake. Mtu wa daraja ya Qastallani! Na leo kijana wa kidato cha pili huiondoa picha ya mwandishi akaweka yake, kisha husubiri kupongezwa.

Jambo la tatu ndilo lililomkosesha usingizi, nalo ni usahihi. Hapa simu ya leo na kitabu cha jana zinatofautiana sana, na yafaa kukaa kidogo.

Uislamu katika ufuko huu wa Tanganyika ulikuja kwa watu wa misafara kutoka pwani, kwa njia ya Ujiji. Vitabu vilikuwa vichache, na aliyetaka kitabu alikiandika kwa khati ya mkono wake. Kule pwani mji wa Siyu ulijulikana kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono, na kila mmoja ulichukua siku na siku. Watu waliokuwa wakinakili hivyo hawakulipa kitu cha haki ya mwandishi, ni kweli, na kijana yule aliitaja hoja hiyo katika daftari lake. Lakini walilipa kwa namna nyingine. Mwenye kunakili alilazimika kusoma kila herufi, kwa kuwa mkono hauwezi kuandika neno ambalo jicho halikuliona. Akimaliza, nakala haikuhesabiwa kuwa kitu mpaka ikabilishwe: mmoja anasoma asili, mwingine anafuata katika nakala, na kila walipofikia huandika alama pembeni. Imamu Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, sawa na 1245, ameyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi. Kisha mwanafunzi huisoma nakala mbele ya shekhe, naye shekhe humpa ijaza ya kuipokea kutoka kwake. Kwa hivyo kitabu kilipotoka mkononi kikaingia mkononi, kiliambatana na jina la aliyetoa, na la aliyepokea, na ushahidi kuwa kimesomwa.

Simu inapeleka mara moja kurasa sabini na mbili kwa watu mia mbili, na hapana hata mmoja kati yao, wala mpelekaji mwenyewe, aliyelazimika kusoma mstari mmoja. Ujumbe ukipita mikono mingi, WhatsApp huweka juu yake alama ya mishale miwili na maneno ya kuonyesha kuwa umepelekwa mara nyingi. Watu huona alama ile ni dalili ya umashuhuri. Katika elimu ya Hadithi isnadi ambayo watu wake hawajulikani hurudishwa. Huku ndiyo inayoaminiwa zaidi.

Wenye mitandao wenyewe wameiona khatari hiyo. Mwaka 2018 katika nchi ya India watu waliuawa na makundi ya wenye ghadhabu kwa uvumi uliopita katika simu kuwa kuna wezi wa watoto, na waliouawa hawakuwa wezi. Mwezi wa Julai mwaka huo WhatsApp ikaweka mpaka huko India mtu asipeleke ujumbe ule ule zaidi ya mahali matano kwa mara moja. Januari 2019 mpaka huo ukawa wa dunia nzima. Na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha pita mikono mingi ukawekewa mahali pamoja tu. Na Burundi ina sheria ya mwaka 2022 juu ya makosa ya mitandao. Lakini muumini hakuhitaji kungojea mwaka 2018. Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya sita, imekwisha amrisha khabari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga kisha wenye kuifuata wakajuta. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefahamisha, katika Hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa mtu kusimulia kila alichokisikia kunamtosha kuwa ni uwongo. Wanafunzi wa chuo waiweke Hadithi hiyo karibu na chaji ya simu.

Kijana aliongeza katika daftari mambo ya picha za watu, na hayo yapitiwe kwa haraka. Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, khasa mwaka 2021 na 2024, zilipita picha za mafuriko ya mbali zikisemwa ni za huku, na jamaa walioko ng'ambo wakalala bila usingizi. Kadhalika akina mama hupigwa picha ndani ya harusi, mahali walipojistarehesha wao kwa wao, na asubuhi picha ziko kwa wanaume wasiowajua. Na fakiri hupewa kilo mbili za mchele, akaambiwa atazame simu. Mchele huliwa siku mbili. Picha haiishi.

Turudi kwa maalim na mwanafunzi wake. Kijana alitaka kwanza kuzifuta picha, akakuta muda wa kufuta umekwisha pita, na hata usingepita, angefuta za kundi lake tu. Kilichokwenda kwa wengine si chake tena. Akataka kulipa deni, hana fedha. Maalim akamwambia njoo kesho na kitabu.

Kwa jioni kumi na moja, baada ya magharibi, kijana alisoma kitabu chote mbele ya maalim wake kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na maalim akimkatiza na kumwuliza. Walipofika ukurasa wa 41 alisoma mpaka mwisho, akapindua jani kwa kidole, akatazama namba, akaendelea. Maalim hakusema neno. Siku ya mwisho alimwandikia kwa mkono, nyuma ya jalada, kuwa fulani amekisoma kitabu hiki kwangu chote na nimempa idhini ya kukisomesha.

Kisha maalim akatoa shauri ambalo baadhi ya watu wa msikiti hawakulipenda, wakisema ni ulegevu. Alisema mlango wa eda, kurasa kumi na mbili, anautoa wakfu: na upigwe picha upya, kamili, pamoja na jalada na namba zake, upelekwe kwa yeyote bila malipo, kwa sharti usipunguzwe, wala usibadilishwe, wala jina lisiondolewe. Vilivyobaki katika kitabu vina bei mpaka deni liishe. Sharti la namna hiyo si geni duniani. Tangu mwaka 2002 wako watunzi wanaotoa kazi zao kwa leseni ziitwazo Creative Commons, kila mmoja akiandika anachoruhusu na anachozuia, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaendeshwa kwa leseni ya namna hiyo. Bali mwenye kujua masharti ya wakfu hataona huko jambo jipya: mwenye kuweka wakfu huufungua mlango kwa watu, naye ndiye anayesema mlango una upana gani, na Waislamu wametakiwa wasimame juu ya masharti waliyokubaliana.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeuliza kwa nini kheri hiyo isifanywe tangu mwanzo, khasara yote hii isitokee. Maalim akasema alikuwa na nia ya kuifanya deni likiisha. Labda hilo nalo ni funzo kwa wenye kuandika, kwamba mtu asipoandika ndani ya kitabu chake anachoruhusu, wasomaji watajiamulia. Kijitabu hiki cha jumuiya nacho, kabla wino wake haujakauka, bila shaka kitapigwa picha. Basi yafaa wenye jumuiya waandike katika ukurasa wa kwanza wanataka kifanyweje.

Vijana wa msikiti walichanga. Mmoja alichukua nakala ishirini akaziuza soko la Rumonge, siku ya mnada, kando ya wauza mukeke. Deni la mfanyabiashara wa ndagala lilipungua, halikuisha, na banda la chuo liliezekwa upande mmoja kwa maturubai.

Kijana aliendelea kufuatilia picha zake kama mtu anayetafuta mbuzi waliopotea. Kila kundi alilolikuta nazo alimwandikia mwenye kuliongoza: ukurasa wa 42 na 43 haumo, maana imeharibika, hizi hapa ni sahihi, na hili ni jina la mwandishi. Alihesabu makundi thalathini na moja. Katika tisa aliambiwa ahsante na picha zikabadilishwa. Katika mengi hakujibiwa. Katika mawili alitolewa kundini, akaambiwa analeta fitina dhidi ya masheikh.

Yule mjane aliolewa na mchumba yule yule, eda yake ilipotimia, na imamu yule yule ndiye aliyefungisha. Salamu za radhi zilipelekwa kutoka Minago kwa mdomo wa nahodha wa mashua, kwa kuwa maalim alikataa zipelekwe kwa simu. Na mwezi wa Rajabu uliofuata, jamaa mmoja aliyeko Muscat alimtumia mama wa kijana picha ya mas-ala ya eda, akimsihi asome na awapelekee wengine. Chini ya ukurasa, pale inapokaa namba, palikuwa na kidole gumba chenye kovu.